Kuomba chuo kinachochuja sana Marekani ukiwa na alama ndogo za SAT

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Januari, vijana wanaoandaa maombi ya vyuo vikuu vya Marekani husikia kauli mbili zisizopatana. Ya kwanza inadai kwamba SAT, mtihani ambao waombaji wa vyuo hivyo hufanya kabla ya kudahiliwa, umeshafutwa, kwa hiyo aliyepata alama ndogo hana la kuhofia. Ya pili inadai kwamba asiyefikisha alama 1,500 asijisumbue kuomba vyuo vikubwa. Kila moja ina ukweli wake kwa baadhi ya vyuo na kwa baadhi ya miaka, na kila moja imewapotosha watu: wapo waliotuma alama ambazo ingefaa wazizuie, na wapo waliozuia alama ambazo zingewasaidia kuingia. Uamuzi wa kutuma au kutotuma alama hauwezi kuwa mzuri ikiwa anayeuamua hajui jinsi alama hizo zinavyosomwa katika ofisi ya udahili, na hilo ndilo ninalotaka kulifafanua hapa.

SAT ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, chini ya College Board, shirika la Marekani linalousimamia. Leo ina sehemu mbili, yaani Kusoma na Kuandika kwa upande mmoja na Hisabati kwa upande wa pili, na kila sehemu hupimwa kwa alama 200 hadi 800, hivyo jumla huwa kati ya 400 na 1,600. Mtihani wa ACT, ulioanza mwaka 1959, hutoa alama 1 hadi 36, na vyuo hupokea wowote kati ya hiyo miwili bila kuupendelea mmoja. Katika miaka ya karibuni wastani wa watahiniwa wa SAT umekuwa jirani na 1,030. Mwenye 1,300, kwa hiyo, amewaacha nyuma watahiniwa walio wengi, lakini alama hizohizo zikifika Harvard au MIT, ambako takriban robo tatu ya wanafunzi waliowasilisha alama wana 1,500 au zaidi, zinahesabiwa kuwa chache. Udogo wa alama hautoki kwenye mtihani wenyewe, bali unategemea chuo kinachozipokea na, kama tutakavyoona, shule zilikotoka.

Tuanze na sera, kwa sababu ndizo zilizobadilika sana. Chuo cha Bowdoin katika jimbo la Maine kilifanya mtihani kuwa wa hiari mwaka 1969. Bates, kilichopo Lewiston katika jimbo hilohilo, mji ambao sasa ni makazi ya familia nyingi zilizohamia kutoka Afrika, kilifuata mwaka 1984. Mount Holyoke kilijiunga mwaka 2001, Wake Forest mwaka 2008, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Chicago kikawashangaza wengi kwa kuchukua hatua hiyohiyo. Kisha ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020. Vituo vya mtihani vilifungwa, na karibu vyuo vyote vinavyochuja sana vikalazimika kupokea maombi yasiyo na alama. Huo ndio wakati ambapo kauli ya kwamba SAT imekufa ilipata nguvu.

Lakini haikufa. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford, ingawa tarehe za kuanza kutumika hazikulingana, na mwaka 2025 ikafuata Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yale ilichagua njia yake: mwombaji lazima awasilishe mtihani, ila anaweza kuchagua kati ya SAT, ACT na mitihani ya masomo ya sekondari ya AP (ya Marekani) au IB (ya kimataifa). Columbia imebaki na hiari. Vyuo vya Chuo Kikuu cha California, zikiwemo Berkeley na Los Angeles, havitazami kabisa alama za SAT wala ACT katika kudahili, hata mwombaji akizituma. Kuna tofauti kubwa, basi, kati ya chuo kinachosema mtihani ni wa hiari na chuo kisichoutazama. Katika kile cha kwanza, alama nzuri za mwenzako zitasomwa ilhali zako hazipo. Katika cha pili, hakuna anayeziona alama za yeyote.

Sera ikishajulikana, hatua inayofuata ni kusoma takwimu za chuo, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Sehemu yake ya C7 huonyesha uzito ambao chuo kinaupa kila kipengele, kama vile ugumu wa masomo, matokeo ya darasani, insha, barua za mapendekezo na mitihani. Sehemu ya C9 huonyesha asilimia ya wanafunzi wapya waliowasilisha alama, pamoja na kiwango ambacho robo ya waliowasilisha wako chini yake na kile ambacho robo yao wako juu yake. Msomaji makini huanza na ile asilimia. Tuchukue chuo cha mfano chenye mtihani wa hiari na wanafunzi wapya 500. Tuseme 200 kati yao ndio waliowasilisha alama, na kwamba nusu yao ya katikati wako kati ya 1,450 na 1,540. Wale 300 waliobaki hawamo katika hesabu hiyo, na kwa kuwa wengi huzuia alama pale wanapoziona ni ndogo, ni haki kudhani kwamba wengi wao wana alama za chini ya hizo. Mwombaji mwenye 1,400 huona kwamba yuko chini kabisa, ilhali akipimwa na wanafunzi wote 500 huenda yuko katikati.

Hilo halina maana kwamba azitume. Maana yake ni kwamba asijihukumu kuwa hawezi kusoma chuoni hapo. Uamuzi wa kutuma una kipimo tofauti, kwa sababu msomaji wa maombi atazilinganisha alama zake na zile za waliowasilisha, si na zile ambazo hazikuwasilishwa.

Hata katika chuo ambacho kila mwanafunzi alilazimika kuwasilisha alama, robo moja wako chini ya kile kiwango cha kwanza cha C9, ambacho nitakiita mstari wa robo ya chini, na mtu hupata tumaini akifikiri kwamba anaweza kuwa mmoja wao. Tumaini hilo lina msingi, lakini linahitaji kuangaliwa bila kujidanganya. Nafasi za robo hiyo hazigawanywi kwa bahati nasibu. Baadhi huchukuliwa na wanamichezo walioitwa na makocha, na baadhi na watoto wa waliosoma hapo au wa wafadhili wakubwa. Ushahidi uliotolewa katika kesi dhidi ya Harvard, ile iliyofikia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya wanafunzi Wazungu waliodahiliwa katika miaka iliyochunguzwa walikuwa wanamichezo, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu waliokuwa katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Si kwamba wote hao walikuwa na alama ndogo, lakini mlango wao ulikuwa tofauti. Zinazobaki katika robo ya chini huwaendea kwa kiasi kikubwa vijana ambao alama zao, ingawa ni ndogo kwa chuo, ni kubwa kwa mahali walipotoka, na mwombaji wa kawaida ajiulize kama yumo katika kundi hili la mwisho.

Kwa nini vyuo vilivyorudisha mtihani vilifanya hivyo, ikiwa kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba mtihani unawapendelea matajiri? Jibu linastahili nafasi, maana ndilo linaloamua mwenye alama za wastani afanye nini. Dartmouth iliwaomba maprofesa wake wachunguze maombi ya kipindi cha hiari. Waligundua kwamba alama za mtihani zilibashiri matokeo ya mwanafunzi chuoni vizuri kuliko alama za sekondari. Waligundua pia, na hili kwangu ndilo zito, kwamba vijana wa familia zenye kipato kidogo walikuwa wakizuia alama za 1,400 na kidogo zaidi ambazo zingewasaidia. Walikuwa wamezilinganisha na wastani wa chuo wakaona aibu, ilhali ofisi ya udahili ingezilinganisha na shule yao na kuona kijana aliyewazidi wenzake kwa mbali. Bila alama, msomaji alibaki na jina la shule asiyoifahamu na safu ya alama za darasani asizojua uzito wake.

Watafiti wa Opportunity Insights, kituo cha utafiti kilichopo Harvard, wakiongozwa na mchumi Raj Chetty, walichunguza vyuo kumi na viwili, yaani vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya binafsi kama Harvard na Yale, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Kwa upande wa mitihani walipata matokeo yanayofanana na ya Dartmouth. Katika utafiti wao wa mwaka 2023 walionyesha jambo jingine: kati ya vijana wenye alama zilezile za mtihani, watoto wa asilimia moja ya matajiri wakubwa walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kusoma katika vyuo hivyo kuliko watoto wa familia za kipato cha kati. Upendeleo mkubwa ulikuwa kwenye mambo mengine yanayopimwa pamoja na mtihani, kama nasaba na michezo inayochezwa katika shule za gharama. Mtihani una dosari zake, na mtoto wa tajiri hununua maandalizi. Lakini hununua pia mshauri wa insha, safari za kujitolea na shule yenye barua za mapendekezo zilizopambwa.

Kwa upande wa pili kuna utafiti wa mwaka 2014 ulioongozwa na William Hiss, aliyekuwa mkuu wa udahili wa Bates. Ulihusisha vyuo 33 vyenye mtihani wa hiari na wanafunzi wapatao 123,000. Wale ambao hawakuwasilisha alama walipishana na waliowasilisha kwa 0.05 tu katika wastani wa masomo, kwenye kipimo cha hadi 4, na kwa asilimia 0.6 katika kiwango cha kuhitimu. Je, nani tumwamini? Kwa maoni yangu, tafiti hizi hazipingani kama zinavyodhaniwa. Hiss aliangalia vyuo vya aina nyingi, ambako alama za darasani za waombaji bado zinatofautiana na zinaweza kumwonyesha aliye tayari. Dartmouth na vyuo vya tabaka lake hupokea maombi ambayo karibu yote yamejaa alama za A, kwa hiyo vinahitaji kitu kingine cha kutofautisha. MIT ilieleza sababu yake waziwazi: kila mwanafunzi wake, hata anayekwenda kusoma historia, ni lazima afaulu mihula miwili ya kalkulasi na miwili ya fizikia, na alama za hisabati zinasaidia kujua kama atamudu. Anayepata 620 katika Hisabati ana habari muhimu kuhusu mwaka wake wa kwanza MIT, na chuo kinafanya vyema kuzingatia habari hiyo.

Kutokana na hayo, ninavyopima mimi ni hivi. Pale mtihani ni wa hiari, alama zilizo juu ya mstari wa robo ya chini wa waliowasilisha zitumwe. Zilizo chini ya mstari huo zitumwe ikiwa zinapita kwa mbali zile zinazopatikana katika shule ya mwombaji, na maombi yaonyeshe wazi hali ya shule hiyo. Zilizo chini ya mstari na zisizo za ajabu kwa shule yake zizuiwe, naye aweke nguvu zake kwenye mengine. Atazame pia mgawanyo. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyeanza kusoma kwa Kiingereza akiwa mkubwa, mathalani kijana wa Kikongo aliyehamia Marekani akiwa na miaka kumi na minne, anaweza kupata 730 katika Hisabati na 560 katika Kusoma na Kuandika. Jumla yake ni 1,290, lakini namba mbili hizo zinaeleza habari ambayo jumla inaificha, hasa kama anaomba masomo ya sayansi.

Kwa mwombaji anayeandika kutoka Kenya au Tanzania kuna hazina ambayo mara nyingi hutumika vibaya, nayo ni mtihani wa taifa. Dartmouth ilipotangaza kurudisha sharti lake ilieleza kwamba wanaosoma nje ya Marekani wanaweza kuwasilisha matokeo ya IB, ya A-Level au ya mtihani wa taifa unaolingana na hiyo, badala ya SAT. Harvard nayo iliruhusu matokeo ya mitihani ya kumaliza shule pale ambapo mwombaji hawezi kuipata SAT wala ACT. Tatizo ni kwamba matokeo hayo hayajielezi yenyewe. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, daraja A huanzia alama 75, na katika kidato cha sita huanzia 80. Katika shule nyingi za Marekani, 75 ni C. Msomaji asiyeelezwa atadhani mwanafunzi bora wa wilaya ni mwanafunzi wa wastani. Vivyo hivyo, katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ya mwaka 2024 waliopata A kamili walikuwa 1,693 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, na namba hiyo ikiandikwa katika barua ya mwalimu hufanya kazi ambayo sifa tupu haziwezi kuifanya.

Ndiyo maana barua ya shule na maelezo kuhusu shule ni nyaraka za kwanza kushughulikiwa na mwombaji mwenye alama ndogo. Mkuu wa shule au mwalimu anayejaza fomu aeleze kipimo cha madaraja, nafasi ya mwanafunzi katika darasa, ukubwa wa darasa, masomo ambayo shule haina walimu wake, na kama kuna mwanafunzi wa shule hiyo aliyewahi kufanya SAT. Kituo cha mtihani kikiwa mbali, na ada kwa mtahiniwa wa nje ya Marekani ikiwa inazidi dola 100, hayo nayo yaandikwe, kwa sentensi moja au mbili zisizolalamika. Insha kuu ya Common Application, fomu moja inayotumiwa kuomba vyuo vingi, haizidi maneno 650, na si mahali pa kueleza kwa nini alama ni ndogo. Msomaji ana dakika chache na kila mwombaji, na insha iliyotumika kuomba radhi kwa mtihani ni nafasi iliyopotea ya kumwonyesha mtu mwenyewe anavyofikiri. Fomu hiyo ina sehemu nyingine ya maelezo ya ziada, huko panatosha.

Kurudia mtihani mara moja ni jambo la busara, kurudia mara nyingi si busara. SAT imekuwa ya kidijitali nje ya Marekani tangu Machi 2023, na huchukua saa mbili na dakika kumi na nne. Kila sehemu ina vipande viwili, na jinsi mtahiniwa anavyofanya kipande cha kwanza ndiko kunakoamua ugumu wa cha pili. Anayepangiwa kipande chepesi hawezi tena kufikia alama za juu kabisa. Haraka na makosa madogo katika maswali ya mwanzo yanagharimu sana. Mazoezi ya bure yapo katika programu ya Bluebook ya College Board na kwenye tovuti ya masomo ya Khan Academy. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka siku tofauti, kwa hiyo mwenye 730 ya Hisabati anaweza kurudi akiwa ameelekeza nguvu zake zote kwenye Kusoma na Kuandika. Azingatie vilevile kwamba hiari ya SAT haimwondolei sharti la TOEFL, IELTS au mtihani mwingine wa Kiingereza, chuo kikiudai.

Suala ambalo huachwa mwisho, ilhali kwa familia nyingi ndilo linaloamua, ni fedha. Vyuo vichache havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumdahili, navyo ni pamoja na Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin. Vilivyobaki hutazama, na bajeti ya wageni huwa ndogo. Katika vyuo hivyo, alama ndogo hugharimu zaidi kwa anayehitaji ufadhili kamili kuliko kwa anayeweza kulipa, kwa sababu chuo hujiuliza kama dola zilezile zisingempata mwingine mwenye maombi yasiyo na doa. Ni jambo gumu kulisikia, lakini ni afadhali lijulikane Agosti, kabla ya kuomba, kuliko Machi, majibu yanapotoka. Bowdoin, chenye mtihani wa hiari na kisichotazama fedha hata kwa wageni, ni mchanganyiko adimu, na ni haki kuongeza kwamba hudahili chini ya mwombaji mmoja kati ya kumi.

Wanaosoma sekondari ndani ya Marekani wana njia zaidi. QuestBridge huwaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo vinavyolipia gharama zote, na haina kiwango cha chini cha SAT. Posse, iliyoanza mwaka 1989, huwachagua vijana kwa mahojiano na kazi za vikundi baada ya kupendekezwa na shule zao au asasi za jamii. Wenye kipato kidogo husamehewa ada ya SAT pia. Nchini Kenya, mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners na mwanariadha Mike Boit, umekuwa ukiwaandaa vijana waliofaulu sana KCSE kwa ajili ya vyuo vya Amerika Kaskazini, na ofisi za EducationUSA zilizo chini ya serikali ya Marekani hutoa ushauri bila malipo.

Orodha ya vyuo ikishaandikwa, kila sera isomwe upya kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na kwa mwaka unaohusika. Vyuo hutangaza masharti kwa mwaka wa kuingia, si mwaka wa kuomba, na anayetuma maombi Novemba 2026 anaomba kuingia vuli ya 2027. Aliyefuata sharti la kaka yake aliyeomba miaka miwili nyuma anaweza kugundua Desemba kwamba mtihani sasa ni wa lazima na kwamba hakuna tena tarehe ya kuufanya kabla ya maombi kufungwa.